Kuendesha Duka kwa Imani Bila Kuua Mtaji: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Moshi

Tembea kutoka stendi kuu ya Moshi hadi soko la Mbuyuni ukisoma vibao vya maduka. Mungu Kwanza, Bismillah, Neema, Ebeneza, Asante Yesu. Kibao hakidai zaidi ya rangi na fundi wa kuchora. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka maneno ya kibao yafike mpaka kwenye mizani, kwenye daftari la madeni na kwenye mshahara wa kijana anayebeba magunia. Mfano wangu mkuu ni duka la nafaka, maana ndiyo biashara niliyoizoea, lakini mwenye mgahawa Majengo, saluni Pasua au karakana ya kuchomelea Njoro ataona pa kugeuza.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Maduka mengi ya watu wema hufungwa mapema kwa sababu wema na mtaji vilikaa kwenye droo moja. Jirani kaja analia, mkono umeingia droo. Kanisani kuna harambee, mkono umeingia droo. Mwisho wa mwezi msambazaji wa mchele anasimama mlangoni na hakuna cha kumpa. Sehemu kubwa ya yanayofuata ni namna ya kuvitenganisha viwili hivyo ili vyote viishi.

Hatua ya 1: Gawa droo kwanza

Fungua mafungu manne. Unaweza kutumia akaunti za benki, laini tofauti za simu, au hata bahasha nne kama biashara bado ni changa: mtaji, matumizi ya duka, mshahara wako, na fungu la jamii. Fungu la tatu ndilo watu hulisahau. Mwenye duka asiyejilipa mshahara hula unga wa duka, hulipa ada ya mtoto kwa pesa ya sukari, kisha hushangaa kwa nini rafu zinapungua. Jipangie kiasi, kichukue tarehe moja kila mwezi, na ukiishiwa kabla ya mwisho wa mwezi, shida hiyo ibaki ya nyumbani.

Tuchukue duka la kawaida la nafaka. Mauzo ya mwezi ni shilingi 6,000,000. Bidhaa zilizouzwa zilinunuliwa kwa 4,800,000. Pango 150,000. Umeme, vifungashio, taka na ulinzi 100,000. Pesa ya kodi na leseni inayowekwa kando kila mwezi 50,000. Msaidizi 250,000, na mchango wako kwake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 25,000. Mshahara wako 325,000. Jumla ya matumizi ni 5,700,000, na kinachobaki ni 300,000. Hiyo ndiyo faida, na humo tu ndimo fungu la jamii linapotoka. Halitoki kwenye mauzo. Mtu anayetoa fungu la kumi la mauzo ya duka hili anatoa 600,000, mara mbili ya faida yote, na baada ya miezi michache atakuwa anaomba msaada yeye.

Utoe kiasi gani? Mwaka 1991, Chiara Lubich, mwanzilishi wa harakati ya Kikatoliki ya Focolare, alifika São Paulo, Brazil, akaona maghorofa yaliyozungukwa na mabanda ya maskini. Akawahimiza wafuasi wake waanzishe biashara ambazo faida yake ingegawanywa mara tatu: sehemu moja kwa wahitaji, sehemu moja ya kuwalea watu katika utamaduni wa kutoa, na sehemu ya tatu irudi kukuza biashara. Mpango huo, Uchumi wa Ushirika, umeenea nchi nyingi. Naupenda kwa sababu unaihesabu biashara yenyewe kuwa mmoja wa wanaostahili kupewa. Ila kwa duka lisilo na akiba, theluthi mbili kutoka nje ni mzigo. Kwa duka la mfano wetu ningeanza na sehemu ya kumi ya faida, yaani 30,000 kwa mwezi, kwa miezi sita ya kwanza. Akiba ikishatosha kulipa pango na mishahara ya miezi mitatu, panda hadi sehemu ya tano, 60,000. Theluthi isubiri.

Mwislamu ana hesabu nyingine, na asiichanganye na hii. Zaka ya biashara ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachotozwa zaka, na kupitiwa na mwaka wa Hijria: thamani ya bidhaa kwa bei ya siku hiyo, pamoja na fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa, ukitoa unayodaiwa. Rafu, friji na mashine ya kusaga havihesabiwi. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na wapo wanaotumia gramu 595 za madini ya fedha. Kwa duka dogo tofauti ya vipimo hivyo viwili ni kubwa mno: kwa kimoja huenda huna zaka kabisa, kwa kingine unayo. Muulize sheikh wako mapema, usingoje Ramadhani ya mwisho mwisho. Na zaka ina watu wake waliotajwa. Isichotwe kulipia rangi ya ofisi ya mtaa, hata kama ofisi inaihitaji.

Hatua ya 2: Nyoosha mizani

Hapa ndipo ningemtuma mtu yeyote anayeniuliza aanzie wapi, hata kabla ya kutoa senti. Biblia katika Mithali 11 inaita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Qurani ina sura nzima, ya 83, inayofunguliwa kwa ole kwa wanaopunja: wanaotaka kipimo kamili wakipokea, na kupunguza wakipimia wengine. Dini mbili za mji huu zimekubaliana, na bado wateja wa Mbuyuni wana macho makali kwenye sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, kuliko kwenye bei. Wana sababu.

Fanya haya. Peleka mizani Wakala wa Vipimo ihakikiwe kila mwaka, na stika iwe upande anaoukaa mteja. Weka jiwe la kilo moja lililohakikiwa juu ya kaunta na umruhusu anayetaka alijaribu mwenyewe. Sado na debe zilizobonyezwa kitako zitupe leo. Usimpe hata kijana wako azitumie kubebea pumba, maana zitarudi kwenye mchele. Ukiuza kwa sado, amua kama ni ya kufuta au ya kilima, na iwe hivyo kwa kila mtu, mama wa mtaani na mwenye hoteli.

Kisha geuka uangalie unavyonunua. Wengi wetu ni waaminifu kwa mteja na wakali kwa mkulima. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kofia, limekatazwa; gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini bado utamkuta mnunuzi anayeimba kwaya Jumapili akimwambia mkulima wa Siha au Rombo kwamba bila kofia hachukui. Nunua kwa kilo. Kama soko lote linanunua kwa gunia, beba mizani yako ya kuning'iniza, pima, lipa kwa uzito. Utalipa zaidi kidogo. Utapata pia mahindi makavu, kwa sababu mkulima anayepimiwa kwa haki hana haja ya kunyunyizia maji.

Jina la bidhaa nalo ni kipimo. Mchele wa Kyela una bei yake kwa sababu ya harufu yake. Mchele wa mashamba ya Chekereni na Mabogini, hapa chini ya mji, ni mzuri kwa haki yake na hauhitaji kuitwa Kyela. Andika ulikotoka. Ukichanganya wa zamani na mpya, andika mchanganyiko na upunguze bei. Wateja wapya watakwenda kwa jirani kwa mwezi mmoja au miwili. Wenye migahawa, ambao sufuria huwaambia ukweli, watakujia.

Hatua ya 3: Mtu wa dukani ana mkataba, hata akiwa mtoto wa shangazi

Uchagani na Upareni biashara nyingi zilijengwa hivi: kijana analetwa kutoka mlimani kukaa na mjomba, anauza duka miaka, kisha mjomba anamfungulia la kwake. Ulikuwa mpango mzuri ambao ndani yake umejificha uonevu mwingi, kwa sababu siku ya kufunguliwa duka haikuandikwa popote. Mjomba akifa au akigombana na baba wa kijana, miaka yote imepotea.

Kwa hiyo andika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtengi ndugu. Saa za kazi ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hutoa angalau nusu yake. Upo pia mchango mdogo wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hutauona maana mpaka gunia limwangukie mtu mgongoni. Kima cha chini cha sekta yako kiulizie ofisi ya kazi, kwa sababu hubadilishwa kwa amri ya mishahara. Kama pia unamwahidi ndugu yako kumfungulia duka, iandike ahadi hiyo: baada ya miaka mingapi, kwa kiasi gani, na itakuwaje akiondoka kabla.

Lipa tarehe ileile. Torati inaagiza kibarua apewe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, na mafundisho ya Mtume Muhammad yanasema alipwe kabla jasho lake halijakauka. Vibarua wa kushusha mizigo walipwe gari likiisha kushushwa. Wasiambiwe warudi jioni. Mtu wa kutwa aliyeambiwa arudi jioni ameshapoteza kazi nyingine ya mchana.

Siku za ibada hujitatua zenyewe ukiajiri watu mchanganyiko. Duka lenye Mlutheri, Mwislamu na Msabato kutoka Same haliwezi kukwama: Ijumaa mchana mmoja yuko msikitini na wengine wapo, Jumamosi hivyohivyo, Jumapili hivyohivyo. Kinachohitajika ni ratiba iliyobandikwa ukutani ili ruhusa isiwe fadhila ya kuombwa kila wiki. Mwezi wa Ramadhani anayefunga aingie mapema atoke alasiri. Na usimwulize mtu dini yake kabla ya kumwajiri. Nimesikia wenye maduka wakijisifu kwamba wanachukua "watu wa kanisani kwetu tu", kana kwamba hilo ni tendo la imani.

Kama una kazi ya kukaa, kama kushona, kufunga viungo au kupokea simu, fikiria watu wenye ulemavu kabla ya wengine. Jirani zetu wa Arusha wana Shanga, karakana inayotengeneza vyombo vya kioo na mapambo kutokana na taka, ambayo mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Bidhaa zake watalii hununua kwa uzuri wake. Kwako inaweza kuanza na kiti kimoja na mlango usio na ngazi.

Hatua ya 4: Daftari la madeni

Sasa tumefika penyewe. Tanzania nzima mwenye duka huitwa Mangi, hata akiwa Msambaa, na Mangi anatarajiwa kukopesha. Kibandiko cha "Leo taslimu, kesho mkopo" hakijawahi kumzuia mtu yeyote. Duka la mtaani lisilokopesha kabisa ni baya kwa mtaa, kwa sababu familia nyingi za mji huu hazipati pesa kwa mwezi. Zinapata kwa msimu.

Wafikirie wagumu, hao wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mwezi wa Julai hadi Oktoba wanapanda na kushuka, wanalipwa, wanapata bakshishi. Mvua za masika zikianza, Aprili na Mei, wageni hupungua na nyumba hukaa kimya. Mkulima wa kahawa naye ana mwezi wake, na dereva wa bodaboda wa Rau anajua siku ya mvua ni siku ya nusu. Ukimdai mgumu mwezi wa Mei unamtesa bure. Ukimpa tarehe ya kulipa Julai, na ukaiandika, una nafasi kubwa ya kulipwa. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni kwamba tarehe ya kulipa ifuate kazi ya mtu. Muulize: pesa yako huingia lini? Andika hiyo.

Kanuni ya pili ni kikomo cha duka zima. Madeni yote yaliyo nje yasizidi sehemu ya kumi ya thamani ya bidhaa ulizonazo. Duka lenye bidhaa za 5,000,000 lisikopeshe zaidi ya 500,000 kwa wakati mmoja. Likifika hapo, anayekuja kesho unamwonyesha kitabu: "Dada, kikomo kimefika, akilipa mmoja ninakupa wewe." Hilo si kumnyima. Watu huelewa kikomo kinachomhusu kila mtu kuliko uso uliokunjwa.

Kanuni ya tatu, kikomo cha kaya: chakula cha wiki mbili, na vitu vya lazima. Unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, sabuni. Soda na vocha ni taslimu kwa wote, akiwemo mchungaji.

Andika kila deni mbele ya mdaiwa, naye aweke saini au dole gumba, na mpe nakala, hata ya picha kwenye simu. Wengine huona kuandika ni kutomwamini mtu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya sura ya pili, ni amri ya kuandika madeni, yakiwa madogo au makubwa. Na aya mbili kabla yake inasema mdaiwa akiwa na dhiki angojwe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Mambo yote mawili yanakaa ukurasa mmoja: kuandika na kungoja.

Deni likipita tarehe, nenda wewe mwenyewe, jioni, peke yako. Usimtume kijana, usiulize mbele ya wateja, na ile karatasi ya majina ya wadaiwa inayobandikwa ukutani ichane. Kuna majibu matatu utakayoyapata. Mtu anaweza kulipa kidogokidogo: gawanya deni, andika upya. Mtu hawezi kabisa, kwa msiba au ugonjwa: hamisha deni lake kwenye fungu la jamii. Yaani chukua pesa halisi kutoka bahasha ya jamii, itie kwenye bahasha ya mtaji, futa jina lake kwa kalamu nyekundu, mwambie limekwisha. Hapo umesamehe bila kudanganya hesabu zako. Wa tatu ni yule anayeweza na hataki. Huyo analipa taslimu kuanzia siku hiyo, salamu zikiendelea kama kawaida, na deni lake linabaki kitabuni. Wapo watakaosema Mkristo wa kweli humsamehe hata huyu. Msamehe moyoni, sukari ni mambo mengine.

Pesa taslimu usikopeshe. Kukopesha fedha kwa riba kama biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na bila riba bado utageuka benki ya mtaa isiyo na mlango. Lakini usimwache mtu aishie mikononi mwa kausha damu, wale wanaochukua kadi ya benki, friji na godoro. Mwelekeze halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kupitia vikundi vilivyosajiliwa. Njia ni ndefu na ina makaratasi. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wa kwanza, na barua ya mfanyabiashara anayemfahamu mwombaji si kitu cha kupuuza.

Hatua ya 5: Nani anapewa, na kwa mikono ya nani

Usigawe fungu la jamii peke yako. Tafuta watu watatu: mmoja wa jumuiya au msikiti wako, mmoja wa dini nyingine, na mmoja anayeijua mitaa, labda balozi wa nyumba kumi au mama muuza mboga ambaye hakuna habari inayompita. Waketi mara moja kwa mwezi kwa nusu saa. Wao wataje majina, wewe utaje kiasi kilichopo. Faida kubwa ya hili ni kwamba anayekataliwa hakukataliwa na wewe, na shemeji yako hawezi kukubana pembeni.

Msaada uende kwa kadi ndogo yenye kiasi, isiyo na jina, inayopokelewa kaunta kama pesa. Bibi anaingia, anachagua anachotaka, anatoa kadi, anaondoka na mfuko wake. Picha za kukabidhi unga mbele ya bango, na mpokeaji akiangalia chini, waachie wanaogombea.

Halafu kuna michango. Hapa Moshi, kuanzia Septemba mpaka Desemba, kadi za kipaimara, komunyo, harusi na sendoff humiminika, na mwenye duka huandikiwa kiwango cha juu kuliko mwalimu. Nina msimamo mkali kidogo juu ya hili: kadi za sherehe zitoke kwenye mshahara wako, fungu la jamii lisiguswe. Weka kiwango kimoja kwa sherehe zote kwa mwaka, kitangaze, na usikipandishe kwa sababu mwenye sherehe ni mteja mkubwa. Msiba ni tofauti. Msiba unaweza kupata unga na maharage ya fungu, kwa sababu kilio hakina bajeti, na kwa sababu utaratibu wa mtaa wa kuzikana ndio bima ya kwanza ambayo babu zetu walituachia.

Hatua ya 6: Ungana na wenye maduka wenzako

Mlima huu una historia ambayo mfanyabiashara wa leo huipita kila siku akiwa kwenye daladala. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichaga waliunda chama chao ili wasipunjwe na madalali. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, na jengo lake bado lipo katikati ya mji. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa hapahapa, na tangu 2014 ni chuo kikuu. Historia hiyo ina upande wa pili: mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na sheria iliyovirudisha ilikuja 1982. Ninachochukua mimi hapo ni kwamba muungano wenye nguvu unatokana na kitu ambacho kila mwanachama anakiona mfukoni kila msimu. Kwa wakulima wale kilikuwa bei ya kahawa.

Kwa wenye maduka matano ya mtaa mmoja, kitu hicho ni gari. Kila mmoja akinunua magunia kumi kwa dalali analipa bei ya dalali. Watano wakikodi Fuso moja kwenda soko la mahindi la Kibaigwa, mkoani Dodoma, wanagawana nauli na wananunua kwa bei ya huko. Kabla ya safari ya kwanza andikeni: nani anaenda, nani anashika pesa, gunia likilowa njiani hasara ni ya nani. Hilo la mwisho ndilo huvunja vikundi.

Kwa akiba na mikopo kati yenu, VICOBA inatosha. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu zisomwe kwa sauti kila kikao. Sajilini kikundi halmashauri kama ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha inavyotaka. Pesa ikizidi ya sanduku, fungueni akaunti yenye watia saini watatu. Na sala ya kufungua kikao iwe fupi. Nimeona vikundi ambavyo mhasibu hakuulizwa swali kwa sababu ndiye aliyekuwa akiomba vizuri kuliko wote.

Hatua ya 7: Bei wakati wa shida

Mahindi yakipanda, unaweza kupanda nayo bila dhambi. Swali ni kiasi. Njia yangu ni kuweka faida kwa shilingi badala ya asilimia. Kama ulinunua kilo kwa 900 ukauza 1,050, faida ni 150. Bei ya kununulia ikifika 1,400, uza 1,550. Aliyeshika asilimia yake angeuza karibu 1,630, na hizo 80 za juu zimetoka kwenye chungu cha mtu.

Mzigo wa zamani ulioko stoo una ubishi wa kweli. Ukiuuza kwa bei ya zamani hutaweza kununua mwingine. Ukiupandisha usiku uleule unavuna bila kupanda. Mimi nagawanya: nusu ya stoo kwa bei ya zamani, kilo tano kwa kila kaya, na iliyobaki kwa bei mpya ili mtaji ununue tena. Kuficha magunia ukisubiri bei ipande zaidi hakuna mjadala. Kama hutaki kuuza, funga duka.

Hatua ya 8: Serikali

TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya TRA, jina la biashara BRELA kwa wasajili wa biashara, leseni ya manispaa, risiti kwa kila mauzo ukishatakiwa kuwa na mashine. Anayekwepa kodi kisha akachangia dawati la shule ametoa pesa ya shule. Ukiombwa ya chai, omba maelezo kwa maandishi na risiti. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, na isipoishia hapo ofisi ya TAKUKURU ipo.

Hatua ya 9: Duka likiyumba

Litayumba. Sheria za kushuka ziandikwe wakati wa neema, na mfuatano wake uwe huu. Kwanza punguza mshahara wako. Pili simamisha mikopo mipya ya daftari. Tatu simamisha fungu la jamii, na uwaambie wale watu watatu kikaoni kwamba limesimama na kwa muda gani. Usikope ili utoe sadaka. Mshahara wa msaidizi usiguse bila makubaliano ya maandishi naye, na ikibidi kumwachisha, mpe notisi na haki zake zote kabla hujamlipa msambazaji. Msambazaji umpigie simu wewe kabla hajakupigia, mpange tarehe.

Fungu likiwa limesimama, bibi wa kadi atakuja tu. Mpe kiti na maji, mweleze mwezi gani litafunguliwa tena, na mwelekeze kwa jirani yako wa Fuso ambaye fungu lake bado linatoka.